Chumba cha Chini cha Bibi Yako

Asubuhi ile ya Julai naikumbuka, mwanangu, mpaka joto la kikombe nilichoshika. Nilikuwa nashuka ngazi za besimenti, orofa ya chini ya ardhi, ya nyumba yetu ya Frogtown, chai ya tangawizi mkononi, wewe tumboni ukinipiga mateke, nimpelekee bibi yako kabla hajapanda mwenyewe. Nikamkuta amepiga magoti nyuma ya kitanda. Kitanda amekisogeza, kanga yake ya zamani ameikunja, na anafuta ukuta. Anafuta taratibu kutoka usawa wa mto mpaka sakafuni, kisha anaikamua kanga kwenye ndoo, na maji yanadondoka kweli kweli. Aliponiona aliweka kidole mdomoni.

"Usimwambie mwenzio," akasema. Mwenzio ndiye baba yako.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo jana, uliponitumia picha za nyumba yenu ya Eagan. Nimeona mbao zimesimamishwa kuzunguka kuta za chini, na zile pamba za rangi ya waridi za kuzuia baridi zimerundikwa pembeni zikisubiri kuchomekwa. Umesimama katikati na Baraka mumeo, mmejaa vumbi, mnacheka. Ukaniambia kwenye simu, "Mama, tunakutengenezea chumba chako. Utaipenda, I promise." Nikasema asante mwanangu, Mungu awabariki, nikakata simu. Halafu nikakaa na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Nikasema afadhali niandike, maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika katikati ya neno wewe umeshanijibu kwa Kiingereza.

Basi nisikilize mpaka mwisho, halafu ujibu kwa lugha unayotaka.

Baba yako alinunua ile nyumba ya Frogtown tukiwa wadogo kuliko ninyi mlivyo leo. Ilikuwa nyumba kuukuu, hatua chache kutoka University Avenue, na ngazi za mbele zilikuwa zimeinama upande mmoja. Watanzania tulikuwa wachache katika mji huu wa Marekani siku hizo. Mtu akisikia Kiswahili ndani ya basi alikuwa anageuka na kusalimia kabla hajajua anamsalimia nani. Tulikuwa tumemaliza masomo juzi tu, tumepata kazi juzi tu, na tuliona tumefika. Nikipita mtaa ule sasa hivi na kuona maduka ya Wahmong wa Asia na migahawa ya Wahabeshi, bado navuta hewa kama mtu anayerudi kwao.

Babu yako alifariki Lushoto mwaka uleule. Bibi yako akabaki peke yake kwenye nyumba ya mlimani, na baba yako ndiye mtoto wake wa pekee aliyebaki hai. Akaapa kwamba mama yake hatazeeka kwa majirani. Nami nilikuwa nimefiwa na mama yangu tangu nikiwa msichana, kwa hiyo niliposikia mama mkwe anakuja kuishi nasi, wenzangu waliponipa pole mimi nilikuwa nafurahi. Wakanicheka. Wakasema ngoja afike utatueleza.

Majira yote ya baridi kabla hajaja, baba yako alijenga. Alikuwa hajui ujenzi, lakini alikuwa na nguvu, marafiki na kiburi kidogo, na hivyo vitatu vinaweza kumfikisha mtu mbali kabla hajagundua amepotea. Waliupigilia ukuta wa matofali ya saruji fremu za mbao. Wakachomeka pamba. Juu ya pamba wakatandika nailoni kubwa na kuibana pembe zote, baridi isipate hata tundu la kupitia. Juu ya nailoni wakapigilia jipsamu, wakapaka rangi ya maziwa, wakatandika zulia. Niliwapikia makande mpaka nikachoka kuyaona. Jumamosi zile ni kati ya siku nilizozipenda kuliko zote maishani: redio iko chini, nyundo zinalia, na mtu mmoja anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini ambayo hakujaliwa.

Bibi yako alipowasili mwezi wa Mei tulifanya sherehe ya kumpokea. Kila aliyekuja alipelekwa chini kuonyeshwa. Mchungaji aliomba akiwa ameegemea ukuta ule ule. Watu wakasema, mtazameni Zakaria, amemjengea mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Wakina mama wengine waliwageukia watoto wao palepale na kuwauliza, mmeona? Bibi yako alilia mbele ya watu. Akaligusa zulia kwa mkono, akasema yeye hajawahi kulala chumba kama kile tangu azaliwe.

Sasa shika hapo, maana ndipo fundo lilipofungwa. Chumba kilikuwa kimeshasifiwa.

Juni ilipoingia, joto likaja, na chini kukaanza harufu. Si harufu kali. Ilikuwa kama ya gunia la mahindi lililonyeshewa na kuachwa. Sisi tulijua dawa yake, si tumekulia nyumba zenye madirisha? Chumba kikinuka unapitisha hewa. Nikafungua vidirisha vyote vya besimenti asubuhi, nikavifunga jioni, na kila nilivyozidi kufungua, ndivyo zulia lilivyozidi kuwa na ubaridi wa majimaji chini ya unyayo. Hakuna aliyetuambia kwamba nchi hii mambo yako kinyume. Hewa ya Julai hapa ni nzito, imebeba maji, na ukuta wa chini ya ardhi ni baridi. Hewa ile ikiugusa ukuta inaacha maji yake pale, kama chupa ya soda ukiitoa kwenye friji. Tulikuwa tunakaribisha maji kwa mikono miwili tukidhani tunayafukuza.

Na bibi yako akaanza kukohoa.

Alikuwa mtu wa mlimani, kifua chake kilikuwa kimezoea baridi, kwa hiyo mwanzo hatukuogopa. Alisema ni vumbi la safari. Baadaye akasema ni maua ya Marekani. Lakini kikohozi kikashuka kifuani, kikawa na filimbi ndani yake, na akipanda ngazi alisimama katikati akijifanya anaangalia picha ukutani. Baba yako alimnunulia dawa ya kifua. Alimnunulia blanketi jingine. Alimpeleka kwa daktari, daktari akauliza kama anaishi mahali penye unyevu, na bibi yako, kabla baba yako hajamaliza kutafsiri, akamjibu mwanawe kwa Kisambaa kwamba anaishi chumba kizuri kuliko cha mfalme. Nacho ndicho daktari alichoambiwa.

Ndiyo maana asubuhi ile nilipomkuta na kanga na ndoo, nilikiweka kikombe kwenye ngazi nikamwendea. Nikauliza, "Mama, tangu lini?"

"Tangu mvua za Juni."

"Na Zakaria hajui?"

"Atajuaje? Nafuta kabla hajaamka." Akaikamua tena kanga. "Mwanangu amekijenga kwa mikono yake. Watu wote wamekiona. Mchungaji amekiombea. Leo mimi niseme kibovu? Niwe mama wa namna gani?"

Hapo ungekuwa wewe ungepanda ngazi mbili mbili ukamwamshe baba yako. Nakujua. Lakini mimi nilikuwa mkwe, tena mkwe mpya, na mama mkwe wangu amenikataza. Kwetu hilo halina mjadala. Nikapiga magoti na tumbo langu, nikachukua kanga nyingine, nikafuta naye.

Nikuambie kitu ambacho hutakitegemea. Asubuhi zile zilikuwa tamu. Tulikuwa tunafuta huku tunaongea, sauti za chini kama wanafunzi bwenini. Alinisimulia jinsi baba yako alivyozaliwa njiani wakati anarudi kutoka shambani, jinsi alivyokuwa anaogopa bata. Alinifundisha atakavyokuogesha, maji ya namna gani, kukukanda wapi. Alikuwa anaishika mikono yangu na kuikanda kama ndio wewe. Mimi niliyekua bila mama nilikuwa namsikiliza kwa mwili mzima. Wakati mwingine nilijiombea ukuta usikauke haraka, halafu nikisikia ile filimbi ya kifuani naona aibu kwa kuwaza hivyo.

Siku moja baba yako alirudi kazini na kunikuta jikoni. Akafunga mlango. Akasema, "Mama hataki kukaa na sisi."

Nikamwuliza ameyatoa wapi.

"Siku hizi anaamka alfajiri anakaa peke yake. Chakula anadonoa. Akikohoa hataki kusema anaumwa wapi. Ana hamu ya kwao, anaogopa kuniambia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeshaanza kuulizia tiketi. Heri arudi akiwa na afya kuliko kumng'ang'ania hapa kwa ajili yangu."

Mwanangu, hebu ona tulipokuwa tumefika. Mama anaumwa na hasemi, asije akamwaibisha mwanawe. Mwana anataka kumrudisha mama kwenye nyumba tupu, kwa sababu anampenda. Na wote wawili wangeagana uwanja wa ndege wanalia, kila mmoja akiamini amemfanyia mwenzake hisani. Na wewe ungezaliwa bila mikono ya bibi yako.

Mimi nilikatazwa kusema. Lakini sikukatazwa kumwalika mtu chai.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kikenya, Mama Njeri, aliyekuwa anakaa mji wa jirani wa Brooklyn Center akilea wajukuu. Alikuwa rika la bibi yako, walikutana kanisani, na urafiki wao ulikuwa wa kugombana. Kila mmoja alisema Kiswahili cha mwenzake si Kiswahili. Mama Njeri mdomo wake haukuwa na breki. Kama kofia yako ya Jumapili ilikuwa mbaya, ulikuwa unaambiwa kabla ya sala ya kwanza. Nikampigia simu. Nikamwambia, karibu chai Jumamosi, mwenzio amekukumbuka, tena mketi hukohuko chini chumbani kwake mjinafasi. Zaidi ya hapo sikusema neno. Kwa hiyo hata leo nikiulizwa, sikumwaga siri ya mtu.

Alikuja kwa basi, mkoba mkubwa kifuani. Baba yako alikuwa nyumbani siku hiyo, anapanga vitabu sebuleni, na mlango wa ngazi ulikuwa wazi kwa sababu mimi niliuacha wazi. Nilishuka na sinia la chai na maandazi. Mama Njeri hakuwa ameketi bado. Alikuwa amesimama katikati ya zulia, pua juu.

"Ngai! Mama Zakaria, hapa kunanuka kama shimo ya viazi."

Bibi yako akacheka kidogo. "Karibu chai, mwenzangu."

"Chai ngoja." Akakisukuma kitanda kwa goti, akaweka kiganja chote ukutani, akakitazama. Kiganja kilikuwa kinang'aa. Akainama akabandua pembe ya zulia, na chini yake mkaonekana ule ukungu mweusi wa madoadoa, umetambaa mpaka kwenye jipsamu. Akasimama wima. "Hii ukuta ni maji. Na wewe unalala hapa, kifua inalia hivyo, na umenyamaza?"

"Punguza sauti, Mama Njeri. Mtoto yuko juu."

"Si ndio nataka asikie!" Lakini sauti yake akaishusha, na alipoendelea haikuwa ya ugomvi tena. Hiyo ndiyo iliyonitisha. "Niambie ukweli. Ukikufa hapa, huyu kijana atasema mama alikufa na nini? Ataambiwa na nani kwamba ni ile nyumba alijenga na mikono yake? Wewe unafikiri unamwekea heshima. Unamwekea mzigo, atabeba miaka yote na wewe haupo. Kama unampenda, mwambie akiwa bado anaweza kurekebisha."

Bibi yako alikaa kitandani. Hakuwa mtu wa kukaripiwa, alikuwa mwenyekiti wa akina mama kule kwao, watu walikuwa wanasimama akiingia. Nilitegemea ang'ake. Aliuangalia ukuta, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Umesema kweli."

Nimeona wazee wengi katika maisha yangu, mwanangu, na nimesikia wengi wakikaripia. Aliyekubali kukaripiwa mbele ya mkwe wake, na chai ipo mezani, namkumbuka huyo mmoja. Nilimpenda zaidi kuanzia siku hiyo, na sijui kama niliwahi kumwambia.

Baba yako alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Tuligeuka tukamwona ameketi ngazi ya mwisho, kitabu bado mkononi. Bibi yako akamwita. "Zakaria, njoo. Chumba chako kina maji, baba. Nilikuficha. Nisamehe."

Baba yako alikiweka kitabu kwenye ngazi. Alipanda juu, tukasikia anapekua vifaa, akarudi na nyundo. Akaing'oa jipsamu nyuma ya kitanda kwa pigo la kwanza. Akaichana nailoni. Ile pamba ilikuwa imelowa, imejikunyata chini kama shuka lililotupwa, na mbao alizozipigilia wakati wa baridi zilikuwa nyeusi na laini, ukucha unazama. Nailoni ile aliyoibana pembe zote ilikuwa imeyafungia maji ndani yasipate pa kwenda. Aliyashika yale mambo kwa vidole, moja moja, na mimi nikafikiri atalia kwa sababu ya kazi yake.

Alilia, lakini si kwa hilo. Alikaa sakafuni akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, mimi nilidhani unataka kuniacha. Nimeshaulizia tiketi. Ningejuaje kama husemi?"

Mama Njeri akanywa chai yake, akaniangalia juu ya kikombe. Nadhani alikuwa ameshaelewa kwa nini alialikwa. Alinikonyeza, akachukua andazi la pili.

Siku ileile tulimhamishia bibi yako juu, kwenye kile kichumba karibu na jikoni ambacho tulikuwa tunawekea pasi na masanduku. Kilikuwa kidogo hata mlango haukufunguka wote. Jumamosi zilizofuata wale wale waliokuja kujenga walikuja kubomoa. Baba yako alijua watacheka, akajikaza kisabuni, na kweli walicheka, lakini kila mmoja alirudi kwake akaenda kupapasa ukuta wake. Wawili walikuta maji.

Tulipobaki na ukuta mtupu, baba yako alikwenda maktaba akasoma kwanza, jambo ambalo alipaswa kulianza. Akarudi na kipimo kinachofanywa kwa utepe wa gundi na nailoni tu. Unakata kipande cha nailoni, unakibandika ukutani pembe zote, unakiacha siku kadhaa. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, yanatoka nje, kwenye udongo. Yakitokea mbele, upande wa chumba, yametoka kwenye hewa yenu wenyewe. Bibi yako alikipenda kipimo kile kupita kiasi. Alikuwa anashuka na miwani yake kila asubuhi kukagua vipande, anapanda na kutangaza matokeo jikoni: wa dirishani kalowa mbele, wa pembeni kalowa nyuma! Kifua chake kilikuwa kimeanza kutulia, na sauti ilikuwa imemrudi.

Ikaonekana tulikuwa na balaa zote mbili. Pembe ya nyuma, gata la paa, ule mfereji wa maji ya mvua, lilikuwa limekatika na kumwaga mvua yote palepale kwenye msingi, na udongo wa nje ulikuwa umeinamia nyumba badala ya kuinamia mbali. Kuta nyingine tatu, maji yalikuwa ni yale niliyoyaingiza mimi kwa madirisha yangu. Tukarekebisha gata, tukaliongezea bomba la kupeleka maji mbali. Tukajaza udongo. Tukanunua mashine ya kukausha hewa, na bibi yako akawa ndiye mwenye kazi ya kumwaga ndoo yake kwenye nyanya. Ukuta tuliuacha uchi mwaka mzima. Wageni walipouliza, baba yako aliwaambia bila kumeza mate: nilikosea, tunasubiri ukauke.

Wewe ulizaliwa theluji ya kwanza ilipodondoka. Ulilala kwenye kile kichumba cha karibu na jikoni, kifuani kwa bibi yako, na hakikuwa na filimbi. Alikuogesha kama alivyonionyesha mikononi mwangu. Besimenti ilipomalizika upya, kavu na nzuri, baba yako alimwambia arudi chini kwenye chumba chake. Akasema hapana, hapa nasikia mnavyoishi. Alikaa kichumba kile mpaka ulipoanza shule, mpaka alipotaka mwenyewe kurudi kupumzikia uzee mlimani kwao, na alikwenda kwa heshima zote. Mpaka leo nikisikia kifuniko cha sufuria kikianguka, nategemea kusikia sauti yake ikiuliza kutoka mlango wa pili nani amevunja nini.

Sasa, mwanangu, sikia ninayokuusia.

Hizo pamba zirudisheni dukani. Anzeni nje. Mvua ikinyesha, wewe na Baraka vaeni makoti mzunguke nyumba muone maji yanakwenda wapi. Yakisimama karibu na ukuta, hakuna kitu mtakachobandika ndani kitakachowaokoa. Kisha bandikeni nailoni mpime, na msiwe na haraka. Nyumba yenu haiendi popote. Ukuta ukiwa mkavu kweli, wekeni kwanza zile shiti ngumu za povu, kama zinazofungiwa televisheni mpya, zigusane na saruji yenyewe, mzibe viungo vyote ili hewa ya chumba isiupate ukuta baridi. Mbao na jipsamu zije mbele yake. Pale juu ambapo mbao za sakafu zinakalia ukuta mpazibe vizuri, baridi inapenda kupita hapo. Nailoni ya kufungia kila kitu kwa ndani msiiweke. Kiangazi mfunge madirisha ya chini, muwashe mashine ya kukausha hewa, na nguo msianike huko hata kama mvua inanyesha wiki nzima. Na msitandike zulia mpaka mmeuona ukuta ukipita kiangazi kimoja salama.

Hayo ni ya ukuta, na Baraka anaweza kuyasoma mwenyewe popote. Yafuatayo huwezi kuyasoma.

Ukimpa mtu kitu ulichokitengeneza kwa mapenzi, mpe na ruhusa ya kukikosoa. Mwulize peke yake, si mbele ya wageni. Mwulize mara ya pili, maana mara ya kwanza sisi wazee tunasema asante tu, tumelelewa hivyo. Na wewe mwenyewe ukipewa, sema. Usiwafutie watu kuta zao kwa siri ukadhani unawapenda. Mume wako hawezi kurekebisha asichokijua, wala wewe, wala mimi.

Kwa hiyo nami nisije nikawa kama bibi yako kabla ya ile chai. Jana niliposema asante, nilikuficha. Mwanangu, sitaki kukaa chini. Hata mkikikausha vipi, hata mkiweka zulia na televisheni na bafu langu mwenyewe. Naogopa kukaa mahali ambapo nitasikia miguu yenu juu ya kichwa changu na nisijue mnacheka nini. Nimeona kwenye zile picha zako kuna kichumba karibu na jikoni, mmeweka kompyuta na baiskeli ya mazoezi ambayo hakuna anayeipanda. Nipeni hicho. Kitanda changu ni kidogo. Mlango usipofunguka wote si neno.

Kama haiwezekani, niambie pia. Sitakufa kwa kuambiwa.

Mungu awape nyumba kavu na vifua vyepesi. Awajalie watoto watakaowaambia ukweli mapema, na ninyi awape moyo wa kuusikia. Baraka mikono yake isichoke, na wewe, mwanangu, akupe miaka mingi ya kunijibu kwa Kiingereza nami nikiwa mlango wa pili, nakusikia.